Magurudumu Pacha katika Matrekta Madogo ya Bustani: Faida Yake na Gharama Iliyofichika

Msafiri yeyote aliyewahi kusimama kando ya barabara kuu na kulitazama lori la mizigo likipita atakuwa ameona kwamba magurudumu yake ya nyuma yamefungwa mawili mawili kila upande. Sababu yake si ngumu kueleweka. Mzigo wa lori ni mkubwa kuliko uwezo wa tairi moja, na kwa hiyo tairi la pili huongezwa ili ligawane mzigo huo na mwenzake. Lakini mtu aseme nini akiyakuta magurudumu ya namna hiyo katika trekta dogo la bustani, lenye injini ya nguvu farasi 7 au 8, ambalo uzito wake wote haufikii nusu tani? Hapo hoja ya mzigo haiwezi kutosha, maana tairi moja kila upande hulibeba trekta hilo bila taabu yoyote.

Jambo hilo si la kubuni. Nchini Marekani wako watu wengi wanaokusanya na kuyafufua matrekta madogo ya bustani yaliyotengenezwa katika miaka ya 1960 na 1970, na mojawapo ya mabadiliko wanayoyapenda ni kuyafungia magurudumu pacha nyuma. Baadhi yao hutafuta mshiko zaidi wanapolima bustani au kusukuma theluji. Wengine huvutiwa na sura tu, kwa kuwa trekta dogo lililofungwa hivyo hufanana na yale makubwa yanayolima mashamba ya ngano ya nchi hiyo. Hakuna ubaya katika kupenda sura nzuri. Hata hivyo, gurudumu la pili si pambo linaloning'inia tu. Huingia katika hesabu ya kani zote zinazopita kati ya injini na ardhi. Makala haya yanakusudia kueleza gurudumu hilo huongeza nini hasa, na gharama yake hulipwa na sehemu gani ya mashine.

Asili ya matrekta haya

Baada ya Vita Kuu ya Pili, familia nyingi za Marekani zilihamia katika vitongoji vya miji, zikawa na viwanja vikubwa vya nyasi na bustani za mboga. Trekta la shambani lilikuwa kubwa mno kwa kazi hizo, na mashine ya kukata nyasi inayosukumwa kwa mkono ilikuwa ndogo mno. Pengo hilo lilijazwa na trekta la bustani. Kampuni ya Wheel Horse ilianza mwaka 1946 huko South Bend, jimbo la Indiana. Mwaka 1961 International Harvester ilileta sokoni Cub Cadet, na mwaka 1963 John Deere ikafuata na trekta lake la namba 110. Yote mawili yalianza na injini ya Kohler yenye silinda moja na nguvu farasi 7.

Matrekta hayo yalijengwa kwa vyuma vizito. Sanduku la gea lilikuwa la chuma cha kusubu, fremu ilikuwa ya bamba nene, na ekseli ya mbele ilishikwa katikati na pini moja ili iweze kuinuka upande huu na kushuka upande ule kufuata mabonde ya ardhi. Ndiyo maana mengi yangali yanafanya kazi baada ya zaidi ya nusu karne. Lakini kuishi miaka mingi si sawa na kutochakaa. Kampuni nyingi zilizoyatengeneza ziliuzwa au kubadilika: Cub Cadet iliuzwa na International Harvester mwaka 1981, na Wheel Horse ikanunuliwa na kampuni ya Toro mwaka 1986. Vipuri vya ndani vya sanduku la gea mara nyingi hupatikana kwa kuchinja trekta jingine la aina ile ile. Kwa hiyo ekseli ikivunjika leo, huenda mashine nzima ikageuka kuwa chuma chakavu.

Tairi hushikaje ardhi?

Ili trekta livute plau, ardhi lazima iisukume mbele. Injini huzungusha gurudumu, gurudumu huisukuma ardhi nyuma, nayo ardhi hujibu kwa kulisukuma trekta mbele. Endapo ardhi haiwezi kustahimili msukumo huo, hukatika chini ya tairi, na gurudumu huzunguka bure. Hivyo basi kikomo cha uvutaji wa trekta la bustani, hasa katika gea ya chini, kwa kawaida si nguvu ya injini bali ni uimara wa udongo ulio chini ya matairi.

Uimara huo una vyanzo viwili, kama alivyoonyesha mwanasayansi wa Ufaransa Charles Augustin Coulomb katika karne ya 18. Chanzo cha kwanza ni mshikamano, yaani jinsi chembe za udongo zinavyonatana zenyewe hata pasipo kugandamizwa. Chanzo cha pili ni msuguano wa chembe kwa chembe, ambao huongezeka kadiri udongo unavyogandamizwa. Kwa maneno mengine, kani kubwa kabisa ambayo ardhi inaweza kulipatia gurudumu ni jumla ya vitu viwili: eneo la mguso likizidishwa kwa mshikamano wa udongo, kisha uzito ulio juu ya gurudumu ukizidishwa kwa kipimo cha msuguano.

Jumla hiyo fupi ndiyo ufunguo wa suala zima. Katika mchanga mkavu, ambao chembe zake hazinatani, sehemu ya kwanza ni kama haipo. Mshiko hutokana na uzito peke yake, na kuongeza eneo la mguso hakuongezi mshiko wenyewe. Katika udongo wa mfinyanzi uliolowa chepechepe mambo hugeuka. Msuguano huwa mdogo sana, na karibu mshiko wote hutokana na mshikamano, yaani na ukubwa wa eneo. Hapo gurudumu la pili lina jambo la kutoa.

Iko pia faida nyingine ambayo haimo katika jumla hiyo. Tairi linalozama ardhini hulazimika kupanda kila mara kutoka katika shimo lake lenyewe, na kazi hiyo hula nguvu ambayo ingevuta plau. Mzigo ukienea juu ya eneo kubwa, tairi huzama kidogo na upotevu huo hupungua. Kwa sababu hiyo magurudumu pacha husaidia hata mchangani, ingawa kwa njia nyingine: hayaongezi mshiko, bali hupunguza ukinzani wa kutembea.

Siri ya upepo

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu hufunga gurudumu la pili, hulijaza upepo sawa na la kwanza, na huamini kwamba eneo la mguso limekuwa maradufu. Hesabu inakataa.

Chukua mfano wa trekta ambalo magurudumu yake ya nyuma, pamoja na dereva, hubeba kilo 240, yaani kilo 120 kila upande. Matairi yake ni ya kipimo kilichozoeleka cha 23x8.50-12, maana yake kimo cha inchi 23, upana wa inchi 8.5 na rimu ya inchi 12. Kwa sentimita ni kama 58 kwa 22 kwa 30. Tairi laini hubonyea mpaka kanieneo ya ardhi dhidi yake, yaani kani inayoangukia kila sentimita ya mraba, ikaribiane na ile ya upepo ulio ndani. Ikiwa upepo ni kilo 0.7 kwa sentimita ya mraba, tairi moja linalobeba kilo 120 litagusa ardhi kwa eneo la karibu sentimita 171 za mraba.

Sasa liongezwe tairi la pili lenye upepo ule ule. Kila tairi hubeba kilo 60, na kila moja hugusa ardhi kwa sentimita 86 hivi. Jumla ni ile ile 171! Mzigo umegawanywa, lakini matairi nayo yamebonyea kwa nusu tu. Ni kweli kwamba kuta za tairi dogo ni ngumu na hubeba sehemu ya mzigo zenyewe, kwa hiyo hesabu hii ni ya kukadiria. Hata hivyo mwelekeo wake ni sahihi: juu ya ardhi iliyo ngumu kiasi, gurudumu la pili lisiloambatana na badiliko la upepo huongeza eneo kidogo mno.

Faida hupatikana pale upepo unapopunguzwa. Kwa kuwa kila tairi sasa hubeba nusu ya mzigo wa awali, linaweza kuendeshwa kwa upepo mdogo bila kubonyea kupita kiasi. Upepo ukishushwa hadi kilo 0.4, eneo la jumla kwa upande mmoja hufikia sentimita 300 za mraba. Katika udongo wa mfinyanzi ambao mshikamano wake ni kilo 0.1 kwa sentimita ya mraba, mshiko wa pande zote mbili utokanao na eneo hupanda kutoka kilo 34 hadi kilo 60. Kwa trekta dogo, hiyo ni tofauti kati ya kukwama na kusonga. Katika mchanga mkavu wenye kipimo cha msuguano cha 0.58, mshiko ni kama kilo 139 kabla ya mabadiliko na kilo 139 baada yake.

Upepo nao hauwezi kushushwa bila kikomo. Ukipungua mno, mdomo wa tairi huweza kuchomoka kwenye rimu trekta linapopita ubavuni mwa mteremko, au rimu huzunguka ndani ya tairi na kukata valvu pale penye mpira wa ndani. Kiwango cha chini kilichoandikwa na mtengenezaji wa tairi kiheshimiwe.

Mwenye trekta anayefanya kazi juu ya ardhi kavu na ngumu atapata zaidi kwa kuongeza uzito kuliko kuongeza magurudumu. Wamarekani wengi hufunga vizito vya chuma katika rimu, au hujaza maji ndani ya matairi hadi robo tatu na kuacha nafasi iliyobaki kwa upepo. Tairi la kipimo kilichotajwa huchukua takriban lita 25, yaani kilo 25. Katika majimbo ya baridi maji huganda, na kwa hiyo wengi wamezoea kuyachanganya na chumvi ya kloridi ya kalsiamu. Chumvi hiyo huzuia kuganda na huongeza uzito, lakini ikivuja huila rimu kwa kutu.

Ama kuhusu theluji, tairi jembamba lenye mnyororo mara nyingi huwa na manufaa zaidi, kwa kuwa hupenya hadi kwenye ardhi ngumu iliyo chini, ilhali magurudumu mapana huelea juu ya utelezi.

Njia za kufunga

Ziko njia tatu zinazotumika zaidi. Ya kwanza ni kuweka kati ya magurudumu mawili kipande cha bomba nene chenye bamba la mviringo kila mwisho. Bamba la ndani hufungwa kwa bolti ndefu pamoja na gurudumu la kwanza kwenye habu, yaani kile kitovu cha chuma kilichokaa juu ya ekseli. Bamba la nje hubeba gurudumu la pili. Njia ya pili ni kulibana gurudumu la nje kwenye rimu ya lile la ndani kwa kulabu zenye nati, huku pete ya chuma ikiyatenganisha. Njia hii huruhusu gurudumu la nje kuondolewa upesi kazi inapokwisha. Ya tatu ni kutumia ekseli ndefu zaidi yenye habu mbili, nayo huhitaji kufungua sanduku la gea.

Njia yoyote ikichaguliwa, mambo kadhaa hayana budi kuzingatiwa. Bomba la kutenganishia lazima lichomelewe likiwa limenyooka kabisa na mabamba yake yakiwa na kitovu kimoja. Likipinda kidogo tu, gurudumu la nje litayumba kila linapozunguka, na bolti zitalegea. Nati zikazwe tena baada ya saa ya kwanza ya kazi, kwa sababu rangi na kutu iliyobanwa kati ya vyuma husagika na kuacha nafasi. Nafasi ya sentimita 3 au zaidi iachwe kati ya matairi, maana tairi lenye upepo mdogo hutuna sehemu ya chini, na mawili yakisuguana huchanika kuta. Madereva wa malori wanalijua vizuri pia lile jiwe linalonasa kati ya matairi mawili. Tena valvu ya gurudumu la ndani iweze kufikiwa bila kulifungua la nje. Vinginevyo upepo wake hautapimwa kamwe.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni ulinganifu. Magurudumu mawili yaliyofungwa pamoja huzunguka mara sawa, yapende yasipende. Ikiwa moja lina kimo kilichopungua kwa sentimita 1 kutokana na kuchakaa, mzunguko wake ni mfupi kwa sentimita 3.14. Tairi la mfano huu huzunguka kama mara 545 katika kila kilomita; kwa hiyo katika kilomita moja ya barabara ngumu moja kati ya mawili hayo litakuwa limeburuzwa kwa jumla ya mita 17. Mpira huliwa, na ekseli husokotwa bila faida. Kama matairi hayalingani kabisa, ni afadhali lile dogo liwe nje, ili lisiguse kwa nguvu mpaka la ndani litakapozama katika udongo laini.

Wenzo unaoipinda ekseli

Sasa yafikiwe malipo. Katika matrekta mengi ya aina hii ekseli hutoka ndani ya sanduku la gea, hupita katika beringi, kisha hubaki ikining'inia hewani na gurudumu mwishoni mwake. Uzito wa trekta hushuka kupitia beringi. Ardhi husukuma juu kupitia tairi. Kati ya sehemu hizo mbili ekseli hupindwa kama fimbo iliyoshikwa upande mmoja na kuinuliwa upande wa pili. Kipimo cha kupindwa huko, ambacho huitwa momenti, ni kani ikizidishwa kwa umbali. Ni kanuni ile ile ya wenzo inayomwezesha mtu mmoja kung'oa kisiki.

Tuseme katikati ya tairi la ndani ni sentimita 8 nje ya beringi. Kilo 120 mara 8 ni 960. Gurudumu la pili likiwekwa sentimita 25 zaidi, yaani sentimita 33 kutoka beringi, na mzigo ukigawanywa sawa, momenti huwa 60 mara 8 kujumlisha 60 mara 33, ambayo ni 2,460. Imeongezeka zaidi ya mara mbili na nusu, ilhali trekta halijaongezwa hata kilo moja ya mzigo. Na ardhi haigawi mzigo sawasawa kila wakati. Gurudumu la nje likipanda juu ya jiwe au tuta na la ndani likaelea, kilo zote 120 husukuma kwenye mwisho wa wenzo: 120 mara 33 ni 3,960, zaidi ya mara nne.

Kwa ekseli yenye unene wa inchi 1, yaani sentimita 2.54, hesabu ya mhandisi hutoa mkazo wa karibu kilo 600 kwa sentimita ya mraba katika hali ya kwanza, kilo 1,530 katika ya pili, na kilo 2,460 katika ya tatu. Chuma laini cha kawaida huanza kupinda bila kurudi karibu na kilo 2,500. Chuma cha ekseli huwa imara kuliko hicho, lakini hesabu hii ni ya trekta lililosimama tuli. Trekta linalodunda juu ya matuta huleta mishtuko inayozidi uzito wake wa kawaida.

Liko jambo jingine lenye hatari zaidi kwa sababu halionekani. Ekseli hupindwa huku ikizunguka. Sehemu ya chuma iliyokuwa juu na kubanwa, baada ya nusu mzunguko huwa chini na kuvutwa. Hivyo kila mzunguko ni sawa na kuupinda waya mara moja huku na mara moja kule, na kwa mfano huu hutokea mara 545 katika kila kilomita. Kila mtu anajua kwamba waya ukipindwa huku na huku mwishowe hukatika, hata kama kila pindo peke yake ni dogo. Wahandisi huuita mwenendo huo uchovu wa metali. Ufa mdogo huanzia mahali penye pembe kali, kama vile mfereji uliochongwa katika ekseli kwa ajili ya kile kipande kidogo cha chuma kinachozuia habu isizunguke peke yake. Ufa huo hukua polepole kwa miezi au miaka. Siku ekseli inapokatika, mwenye trekta husema imekatika ghafla, kumbe ilikuwa ikikatika tangu siku ile magurudumu yalipofungwa.

Beringi nazo na sili za mafuta hupata sehemu yake. Beringi iliyotengenezwa kubeba uzito wa kushuka wima sasa hukabwa upande mmoja; sili hupanuka, mafuta ya gea huvuja, na sanduku hukauka bila dereva kujua. Doa jipya la mafuta nyuma ya gurudumu ni onyo la kusimamisha kazi.

Uzito wa maji ulio ndani ya tairi la ndani hauna kosa hili, kwa kuwa hubebwa na ardhi moja kwa moja bila kupitia katika beringi. Hiyo ni sababu nyingine inayofanya maji kuwa msaada wa kwanza kufikiriwa.

Gharama ya kukata kona

Trekta linapokata kona, gurudumu la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani. Kati ya upande wa kulia na wa kushoto tofauti hiyo huruhusiwa na difrensha, yaani ule mpangilio wa gea unaoziacha ekseli mbili zizunguke kwa kasi tofauti. Lakini kati ya magurudumu pacha ya upande mmoja hakuna difrensha. Katika kugeuka nusu duara, gurudumu la nje hutakiwa kusafiri mbele zaidi ya mwenzake kwa umbali sawa na nafasi iliyo kati yao ikizidishwa kwa 3.14. Kwa sentimita 25 hiyo ni kama sentimita 79, na haibadiliki hata kona iwe pana au finyu. Sentimita hizo zote lazima zipatikane kwa kuburuzwa.

Juu ya matope kuburuzwa huko si kitu. Juu ya uwanja wa nyasi huacha alama za kung'oka, na juu ya saruji huisokota ekseli na kulifanya trekta lisitake kugeuka. Aidha, upana wa nyuma huongezeka kwa sentimita 50, kwa hiyo gurudumu la nje hupita nje ya upana wa visu na kukanyaga nyasi ambazo hazijakatwa. Busara basi ni kufunga pacha kwa kazi ya shamba na kuyafungua kwa kazi ya nyasi.

Mteremko na usalama wa dereva

Faida moja ya magurudumu pacha haina ubishi, nayo ni uthabiti dhidi ya kupinduka kwa ubavu. Kwa kuwa ekseli ya mbele imeshikwa na pini moja katikati, trekta kwa kweli husimama juu ya pembetatu: pini ya mbele na magurudumu mawili ya nyuma. Linapinduka pale mstari unaoshuka wima kutoka kitovu cha uzito unapotoka nje ya pembetatu hiyo. Kwa trekta ambalo kitovu chake cha uzito, pamoja na dereva, kiko sentimita 55 juu ya ardhi, na ambalo umbali kati ya magurudumu yake ya nyuma ni sentimita 70, kikomo kwenye karatasi ni mteremko wa nyuzi 24 hivi. Yakifungwa pacha, kikomo hicho husogea hadi nyuzi 37.

Hata hivyo takwimu hizo ni za trekta lililosimama juu ya ardhi laini kama meza. Shimo moja upande wa chini au kichuguu kimoja upande wa juu huufuta uthabiti huo mara moja. Mbaya zaidi ni ekseli yenye ufa kukatika katikati ya mteremko ambao dereva asingethubutu kuupita kabla ya kufunga pacha. Mengi ya matrekta haya ya zamani hayana fremu ya kumkinga dereva likipinduka. Kwa hiyo magurudumu pacha yachukuliwe kuwa akiba ya usalama katika miteremko iliyokwisha kuzoeleka, yasiwe ruhusa ya kupanda miteremko mipya.

Vile vile kuna hatari ya kupinduka kinyumenyume. Trekta lenye mshiko mdogo hujikinga lenyewe: mzigo ukizidi, magurudumu huzunguka bure. Mshiko ukiongezwa kinga hiyo hupungua, na mzigo uliokwama unaweza kuyainua magurudumu ya mbele. Jambo hilo hutokea kwa wepesi zaidi mnyororo wa kuvutia unapofungwa juu ya usawa wa ekseli. Mnyororo ufungwe daima kwenye kulabu ya chini nyuma, na vizito viongezwe mbele.

Hitimisho

Kanuni zilizoelezwa hapa si za Marekani peke yake. Katika mashamba ya mpunga ya Afrika Mashariki matrekta na mashine ndogo za kulimia za magurudumu mawili hufungiwa magurudumu ya chuma yenye umbo la kizimba, ili yasizame katika tope. Mashine hizo ndogo zilienea zaidi nchini Tanzania tangu mpango wa Kilimo Kwanza ulipotangazwa mwaka 2009. Kizimba kinapofungwa nje ya tairi, nacho pia ni wenzo uliorefushwa. Kikitoka topeni na kuendeshwa juu ya barabara ya mawe, huipa ekseli adhabu ile ile.

Kwa jumla, gurudumu la pili halitengenezi nguvu mpya. Huueneza uzito uleule juu ya eneo kubwa zaidi, na hilo hufaa pale tu udongo unapokuwa laini na upepo wa matairi unapopunguzwa ipasavyo. Fundi anayetaka kulifunga ajiulize kwanza maswali matatu: udongo wake ni wa aina gani, ekseli yake ina unene gani, na kazi yake ina kona na miteremko kiasi gani. Akishapata majibu, huenda akagundua kwamba ndoo chache za maji ndani ya matairi aliyo nayo zingemtosha. Na kama bado anayataka magurudumu pacha, basi ayafunge karibu na sanduku la gea kadiri nafasi inavyoruhusu, ayafungue kazi ya matope inapokwisha, na kila mara achunguze habu, nati na sili kabla ya kuwasha injini.